Barbara Jordan: Miaka Sita Katika Seneti ya Texas (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Barbara Jordan akiwa amerejea kwao Houston, mwanasheria kijana ambaye ofisi yake ilikuwa nyumbani kwa wazazi wake, katika kitongoji cha watu weusi kiitwacho Fifth Ward. Tulieleza alivyozaliwa mwaka 1936, binti wa mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa pia karani wa ghala; alivyong'ara katika midahalo ya Chuo Kikuu cha Texas Southern; na alivyohitimu sheria mjini Boston mwaka 1959. Leo tunaingia katika siasa zake. Wengi wanamkumbuka kwa hotuba aliyoitoa Washington mwaka 1974 kuhusu kesi ya Rais Nixon. Mimi naamini somo lake kubwa zaidi liko Austin, makao makuu ya Texas.

Msomaji akumbuke kwamba kila jimbo la Marekani lina gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Bunge la Texas lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 150, na Seneti yenye wajumbe 31. Humo ndimo zinamotungwa sheria zinazomgusa mwananchi kila siku: za shule, ajira, mishahara na uandikishaji wa wapiga kura.

Mwaka 1962 Jordan alikopa dola 500 za ada ya kugombea, akaomba kiti katika Baraza la Wawakilishi. Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, ilikuwa na viti 12, lakini haikugawanywa katika maeneo 12. Kila mgombea alipaswa kupigiwa kura na kaunti nzima. Watu weusi walimpa kura zao kwa wingi. Wazungu waliomchagua walikuwa wachache, na kwa kuwa wazungu ndio waliokuwa wengi katika kaunti, Jordan alishindwa. Mwaka 1964 akarudi ulingoni, akashindwa tena.

Vizuizi dhidi ya wapiga kura weusi vilikuwa vya miaka mingi. Hadi mwaka 1944 Chama cha Democratic cha Texas kiliwafungia watu weusi nje ya kura zake za mchujo, na kwa kuwa chama hicho ndicho kilichotawala jimbo zima, mshindi wa mchujo ndiye aliyekuwa mshindi wa uchaguzi. Mlango huo ulifunguliwa na Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston. Kodi ya kupiga kura ilibaki hata baada ya hapo. Mtu alilipa dola 1 na senti 75, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, na asiyelipa alikosa haki yake. Kodi hiyo ilifutwa Texas mwaka 1966.

Kizuizi cha tatu kilikuwa ramani. Katiba ya Texas iliikataza kaunti yoyote kuwa na zaidi ya seneta mmoja. Harris, yenye watu zaidi ya milioni moja, ilikuwa na seneta mmoja tu, huku maeneo ya vijijini yenye watu wachache mno yakiwa na maseneta wao. Mwaka 1964 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyotoka Alabama, kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yalingane kwa idadi ya watu. Texas ikalazimika kuchora ramani upya.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Jordan alizichambua kura zake za miaka iliyotangulia, kituo kwa kituo, akazilinganisha na ramani mpya. Akaona kwamba eneo jipya la 11 la Seneti limekusanya mitaa iliyompa kura: watu weusi, Wamarekani wenye asili ya Meksiko na wazungu wafanyakazi. Mwaka 1966 alishinda mchujo dhidi ya mjumbe mzungu wa Baraza la Wawakilishi, na Januari 1967 akaapishwa. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika Seneti hiyo tangu mwaka 1883, na mwanamke pekee kati ya wajumbe 31. Elimu yake na ufasaha wake vilikuwa vile vile vya mwaka 1962. Kilichobadilika ni ramani.

Waliotarajia mwanaharakati wa kelele walimkuta mwanafunzi wa kanuni. Alisikiliza kwanza, akajifunza desturi za Seneti na tabia za wenzake, hata wale waliopinga haki za watu weusi. Kanuni moja aliielewa vizuri mno. Kwa desturi, muswada haukuweza kuletwa kujadiliwa bila theluthi mbili kukubali, yaani kura 21. Maana yake maseneta 11 walitosha kuukwamisha. Muswada ambao ungefanya uandikishaji wa wapiga kura kuwa mgumu zaidi ulipowasilishwa, Jordan hakupiga kelele barabarani. Aliwaendea wenzake mmoja mmoja, wakiwemo waliokuwa na deni la fadhila kwake, hadi akawapata kumi wa kuungana naye. Muswada ukafia hapo.

Kazi yake haikuwa ya kuzuia tu. Alipigania sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Texas, akiwalenga vibarua wa mashambani, watumishi wa majumbani na wafua nguo, watu ambao sheria ya taifa iliwaacha nyuma.

Heshima aliyoipata ilionekana Machi 1972, maseneta walipomchagua kwa kauli moja kuwa rais wa muda wa Seneti. Kwa desturi ya Texas, mwenye cheo hicho hukaimu ugavana siku moja, gavana na makamu wake wanapokuwa nje ya jimbo. Tarehe 10 Juni 1972, binti wa Fifth Ward aliapishwa kuwa kaimu gavana. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kukaimu ugavana Marekani kabla yake. Mchungaji Benjamin Jordan alikuwapo kumshuhudia mwanawe. Siku hiyo hiyo alipatwa na kiharusi, na kesho yake akafariki.

Lipo jambo ambalo wanaomsifu Jordan hupenda kuliruka. Baada ya sensa ya mwaka 1970 ramani zilichorwa tena, na safari hii Jordan alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia maeneo ya uchaguzi wa Bunge la Marekani. Likazaliwa eneo la 18, katikati ya Houston, lililomfaa kabisa. Lakini eneo lake la zamani la Seneti ya jimbo lilikatwa kiasi kwamba mgombea mweusi asingeweza kulishinda kwa urahisi. Curtis Graves, mjumbe mweusi wa Baraza la Wawakilishi, alimlaumu kwamba amewauza watu wake, akajitosa kupambana naye katika mchujo wa mwaka 1972. Jordan alimshinda kwa mbali. Hata hivyo, Seneti ya Texas haikuwa na mjumbe mweusi mwingine hadi mwaka 1983, alipoingia Craig Washington.

Tumhukumu vipi? Mimi naona lawama ya Graves ilikuwa na msingi, ingawa neno lake lilikuwa kali kupita kiasi. Maseneta wazungu ndio waliokuwa na wingi wa kura, na Jordan peke yake asingeweza kulilinda eneo la 11. Lakini alijua kuliko mtu yeyote thamani ya kiti kile, kwani alishindwa mara mbili kabla ya ramani kumpa nafasi. Wapiga kura wake walistahili kusikia kutoka kinywani mwake ni nini walichokuwa wakikipoteza. Kiongozi anayenufaika na ramani ana wajibu wa kuwaeleza wananchi gharama yake, hata kama ramani hiyo inampeleka mbele kwa haki.

Juma lijalo tutamfuata Jordan katika Bunge la Marekani mjini Washington: Kamati ya Sheria, kesi ya Rais Nixon, na namna alivyosaidia mwaka 1975 kuiingiza Texas chini ya ulinzi wa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Hapo tutapima kama deni lake kwa wapiga kura wa eneo la 11 alililipa.