Karani Aliyesoma Mawe ya Kapiti

Ndugu mkulima, ukichimba shimo la nguzo hapa Konza, mahali pengi sururu hupita udongo mweusi kisha hugonga jiwe. Litazame kabla ya kulitupa. Likiwa la kijivu, lenye punje kubwa za rangi hafifu, ni jiwe la volkeno lililotiririka kama uji wa moto yapata miaka milioni 13 iliyopita, likatanda juu ya mawe ya kale zaidi. Wataalamu huliita fonolaiti, yaani jiwe la sauti, kwa kuwa bapa lake likigongwa hulia.

Aliyeyapa mawe haya jina la Kapiti katika vitabu ni John Walter Gregory, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1864. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akawa karani wa biashara ya sufu mjini London, na jioni alikwenda kusoma elimu ya miamba. (Sisi makarani twaipenda sana habari hii.) Mwaka 1893 alisafiri kwa miguu pamoja na wapagazi kutoka pwani hadi Baringo na Mlima Kenya. Alieleza kwamba Bonde la Ufa halikuchimbwa na mto, bali ardhi ilipasuka na sehemu ya katikati ikazama. Baadaye alikuwa profesa Melbourne, kisha Glasgow tangu 1904 hadi 1929. Alirudi huku mwaka 1919, na kitabu chake kikatoka 1921. Alidhani mawe ya Kapiti ni ya zamani kuliko yalivyo. Vipimo vya maabara vilikuja kumsahihisha. Alikufa maji mwaka 1932 katika mto Urubamba, nchini Peru, akiwa bado kazini.

Gregory alitegemea miguu na nyundo. Leo wenzake wana picha za angani pia. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha RCMRD, ambacho huzitumia nchi zetu elimu hiyo.

Picha hizo zaweza kukuonyesha mstari mrefu ulionyooka ambapo miti hubaki kijani wakati wa kiangazi. Huenda hapo pana ufa. Katika jiwe gumu namna hii maji hukaa ndani ya nyufa, au chini kabisa, pale linapokalia mawe ya kale. Lakini picha haiyaoni maji yenyewe yaliyo chini ya jiwe, wala haionyeshi kama yana floridi, ambayo katika maji ya sehemu za volkeno za Kenya mara nyingi huzidi na kuharibu meno ya watoto.

Basi kikundi chenu kikichanga fedha za kisima cha mashine, na mtu akaja na picha ya rangi katika simu akisema, "Chimbeni hapa," mwulizeni kama amelitembea shamba na kuipima ardhi kwa vyombo. Mwulizeni pia kama ameandikishwa na bodi ya wanajiolojia chini ya sheria ya mwaka 1993. Mamlaka ya Rasilimali za Maji huitaka ripoti ya mtaalamu wa namna hiyo kabla ya kutoa kibali. Msilipe mtambo kabla karatasi hizo mbili hazijafika mkononi. Na maji yakitoka, chupa ya kwanza ipelekwe maabara kabla mtoto yeyote hajanywa.