Roho na Koma: Maneno Mawili ya Kifo

Atakaye kujua jinsi watu wanavyokiona kifo, na ayachunguze kwanza maneno wanayokitajia. Mswahili wa pwani, kwa adabu, hasemi "fulani amekufa". Husema amefariki, neno lililotoka katika Kiarabu, lenye maana ya kutengana. Vilivyotengana ni roho na mwili. Aliyekufa huitwa marehemu, yaani aliyerehemiwa. Maneno haya yamesimama juu ya imani ya Kiislamu kwamba roho ni amana, na Mwenyezi Mungu akiitaka huichukua. Ndiyo sababu maziko hufanywa upesi, kilio cha makelele hukatazwa, na wafiwa huusiwa subira. Lililobaki kwao ni dua.

Lakini Kiswahili kinalo pia neno la Kibantu, koma, yaani mzimu wa mtu aliyekufa. Neno hili wanalo majirani zetu Wagiriama, na kwao lina nguvu zaidi. Koma haendi mbali. Hukaa karibu na jamaa zake, hupewa sehemu yake katika tambiko, na akisahauliwa huwajia ndotoni kulalamika. Mzee wa chama cha Gohu akifa, husimamishiwa kigango, nguzo ya mti iliyochongwa kwa mfano wa mtu, ili koma yake itulie. Basi imani hii humpa mfiwa wajibu usiokoma siku ya maziko.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama vitu vya sanaa. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa Kenya kutoka Marekani. Mnunuzi aliona mti uliochongwa vizuri; jamaa waliona mzee wao amehamishwa kwake. Aliyezoea neno roho peke yake aweza kuuliza: ikiwa marehemu amekwisha kwenda zake, mti una nini? Anayelijua neno koma haulizi hivyo.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika "shetani" mahali pa koma hakosei neno moja tu. Huwageuza wazee wa watu kuwa maadui, na huzuni ya wafiwa kuwa ujinga. Yatupasa kuyahifadhi maneno yote mawili, kila moja kwa maana yake, kwa kuwa kila moja lina majonzi yake na faraja yake.