Amepata B, lakini Fizikia iko wapi?

Na Mwandishi Wetu

MATOKEO ya mtihani wa kidato cha nne yalipotangazwa Januari, jirani yangu mtaani Umoja alichinja kuku wawili na kuwaalika wapangaji wote wa ploti yetu. Kifunguamimba wake alikuwa amepata gredi ya B. Kwa mama anayeuza nyanya na sukumawiki tangu mtoto huyo akiwa chekechea, hiyo haikuwa furaha ndogo. Tulikula, tukaimba na kumpa kijana mkono wa hongera. Yeye mwenyewe alitwambia kwamba anataka kusomea uhandisi wa ujenzi, na mama yake akaanza kuitwa Mama Injinia hapo hapo.

Furaha hiyo ilidumu hadi siku ya kutuma maombi ya chuo. Mama na mwanawe walienda saiba iliyo karibu na stani ya matatu, wakafungua tovuti ya KUCCPS na kutafuta kozi ya uhandisi. Kompyuta ikaikataa. Wakajaribu chuo kingine, ikakataa tena. Mama akadhani mtambo umeharibika.

"Si umepata B? B si ni B?" alimuuliza mwanawe.

"Mama, sikufanya Fizikia," kijana akajibu kwa sauti ya chini.

Alikuwa ameliacha somo hilo mwishoni mwa kidato cha pili. Wanafunzi wa madarasa ya mbele walikuwa wakisema kuwa Fizikia hushusha alama, na marafiki zake wengi walikuwa wameamua kuchukua Bayolojia na Kemia. Aliweka alama kwenye karatasi, mwalimu akaipokea, na nyumbani hakuna aliyeulizwa wala aliyeuliza. Hivyo ndivyo mlango wa uhandisi ulivyofungwa, miaka miwili kabla ya kuku kuchinjwa.

Kisa cha jirani yangu si cha kipekee. Kila mwaka wazazi wengi wa mijini huanza kufikiria chuo baada ya matokeo kutoka. Hujinyima ili walipe karo, hununua vitabu vya marudio na hulipia masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini hawajui kwamba kazi kubwa ya kumtayarisha mtoto kwa chuo huwa katika kuchagua masomo. Mtihani huamua tu ni nani atakayepita katika milango ambayo bado iko wazi.

Masomo manne yanayoamua

Mzazi, kumbuka kwamba gredi ya wastani na alama za kozi ni vitu viwili tofauti. Katika KCSE, A ina pointi 12 na E ina pointi 1. Masomo saba yanayohesabiwa yakijumlishwa, pointi za juu kabisa ni 84. Mwanafunzi akipata C+ kwenda juu, anahitimu kujiunga na chuo kikuu. Hiyo ni hatua ya kwanza tu.

Hatua ya pili ni masomo manne ambayo kila kozi huyatazama kwa karibu. Pointi zake za juu kabisa ni 48. Tuchukue wanafunzi wawili waliopata pointi 63 kila mmoja, yaani B. Wa kwanza ana pointi 42 katika masomo manne yanayotakiwa na kozi fulani. Wa pili ana pointi 32 katika masomo hayo hayo kwa sababu alama zake nzuri ziko kwingine. Shuleni wote wawili watapongezwa sawa, lakini nafasi za kozi hiyo zikiwa chache, wa kwanza ndiye atakayechukuliwa.

Isitoshe, kozi nyingi zina masomo ambayo hayana mbadala. Uhandisi hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari hutaka Bayolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia. Anayetaka kuwa wakili anahitaji angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka kufundisha shule ya upili anahitaji angalau C+ katika masomo mawili atakayofundisha.

Jambo hili limekuwa muhimu zaidi tangu mtihani wa 2023, pale hesabu ya gredi ya wastani ilipobadilishwa. Siku hizi Hisabati huhesabiwa, kisha lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi, halafu masomo mengine matano bora. Mabadiliko hayo yamewasaidia wengi waliokuwa wakivutwa chini na somo moja. Hata hivyo, yamewapumbaza wengine. Mtoto anaweza kuwa na wastani unaopendeza huku somo ambalo kozi yake inalitaka likiwa limeachwa nje ya hesabu kwa sababu alilifanya vibaya. Wastani utamfikisha langoni, ila hautamfungulia.

Nilinakili fomu ya mwenzangu

Siwacheki wanaojikwaa hapa kwa maana nami nilijikwaa. Mwaka wa 2007 nikiwa kidato cha nne, kazi ya kuwateua wanafunzi wa vyuo vikuu ilikuwa ya bodi iliyoitwa JAB. Tulijaza fomu tukiwa bado shuleni, kabla ya kufanya mtihani. Siku hiyo sikujua nichague nini. Nilitazama fomu ya mwenzangu tuliyekaa naye deski moja, nikanakili kozi zake zote kama zilivyokuwa. Kazi hiyo haikumaliza dakika kumi.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na C+. Siku hizo C+ ilitosha kwa maandishi tu, kwa kuwa nafasi za serikali zilikuwa chache na bodi iliwachukua waliokuwa juu zaidi. Baba aliuza ng'ombe wawili nikaenda kusomea diploma ya uandishi wa habari. Sijutii kazi yangu. Ninachojutia ni kwamba niliipata kwa kubahatisha, na kwamba baba hakuwahi kuniuliza nilijaza nini kwenye fomu ile. Naye hakuulizwa na shule.

KUCCPS, iliyotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ilichukua nafasi ya JAB. Sasa wanafunzi hutuma maombi kwa kompyuta, wakiwa wanajua alama zao, na aliyekosa nafasi katika awamu ya kwanza hupewa fursa ya kujaribu tena. Tovuti hiyo huonyesha masomo yanayotakiwa na kila kozi na pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa miaka iliyotangulia. Mzazi wa kidato cha tatu hakatazwi kuyatazama mambo hayo leo. Hakuna haja ya kungoja matokeo.

Gredi ya 9 ndiyo kidato cha pili cha sasa

Huenda mzazi mwenye watoto wadogo akasema kwamba mambo haya hayamhusu, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 unakaribia kikomo. Ni kweli kwamba darasa la mwisho la mfumo huo litafanya KCSE mwaka wa 2027. Lakini katika mfumo wa umilisi, uamuzi huu umesogezwa mbele zaidi.

Darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za upili za juu Januari 2026. Kabla ya kufika huko, mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, au ule wa sanaa na michezo. Ndani ya mkondo huo huchagua masomo matatu ya kujikita nayo, mbali na yale ya lazima. Mtoto huyo ana umri wa miaka 14 au 15.

Katika umri huo wengi hufuata marafiki, au jina la shule. Mzazi akitazama jina peke yake, anaweza kumpeleka mtoto kwenye shule yenye sifa ambayo haina masomo anayoyahitaji. Ulizeni kwanza shule inafundisha michanganyiko gani ya masomo, kisha muulize kuhusu mabweni na basi.

Wala mzazi asidhani kwamba mkondo wa sayansi ni wa werevu na mingine ni ya waliolemewa. Fikra hiyo ndiyo iliyowafanya watoto wengi wa 8-4-4 kuchukua masomo ya kumfurahisha baba, wakaanguka. Tazama kile mtoto anachokifanya bila kusukumwa, tazama alama zake za miaka miwili, umsikilize na mwalimu wake. Hayo matatu yakipatana, usiyapinge.

Karo itatoka wapi?

Swali la pesa huwafanya wazazi wengi kunyamaza hadi barua ya chuo ifike. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria mwaka wa 1995, na mkopo wake kwa wanafunzi wa digrii hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tangu 2023 serikali ilianzisha mpango wa kugawa gharama ya masomo katika mafungu matatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo, na mchango wa familia. Kila familia hupimwa uwezo wake. Mpango huo umepingwa kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka katiba, uamuzi ambao ulikatiwa rufaa. Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, thibitisha masharti yaliyopo wakati huo.

Lisilobadilika ni stakabadhi. Tayarisha mapema cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala za vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo iwapo mzazi mmoja ameaga dunia. Wengi hukwama kwa sababu jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa ni tofauti na lililo kwenye cheti cha mtihani. Kurekebisha kosa hilo huchukua muda, na siku ya mwisho ya maombi haimngoji mtu. Unapoulizwa hali ya familia, jibu ukweli. Kuna wazazi wanaoona haya kuandika kwamba wanaishi chumba kimoja, halafu wanashangaa mtoto anapowekwa pamoja na wenye uwezo.

Jihadhari pia na wanaosimama nje ya saiba wakidai kwamba wanamjua mtu atakayempa mwanao kozi. Nafasi hutolewa kwa pointi. Iwapo utamlipia mtoto chuo cha kibinafsi, hakikisha kwamba chuo kikuu na kozi yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa uhandisi, uliza pia kama Bodi ya Wahandisi inaitambua digrii hiyo. Wako waliosoma miaka mitano na kuvaa joho, kisha wakaambiwa hawawezi kusajiliwa kama wahandisi.

Aliyekosa C+ hajapotea

Aliyepata C- anaweza kusomea diploma. Aliyepata D anaweza kuchukua cheti cha ufundi, na aliye chini ya hapo zipo kozi za mafundi ambazo hazimfungii nje. Maombi mengi ya vyuo vya kiufundi vya serikali hupitia KUCCPS iyo hiyo, na HELB huwakopesha wanafunzi wa vyuo hivyo pia. Anayefanya vyema katika diploma anaweza kuendelea hadi digrii. Njia ni ndefu, lakini hufika. Na aliyeishika fani ya umeme au mabomba huanza kujilisha mapema kuliko wenzake wengi wa chuo kikuu.

Kijana wa jirani yangu hakuenda kusomea uhandisi. Baada ya siku kadhaa za kununa, alikaa na mwalimu wake wa zamani wakayapitia masomo aliyofanya. Bayolojia, Kemia na Jiografia zilikuwa na alama nzuri, akaomba kozi ya kilimo. Alipewa nafasi. Anasema sasa anataka kujua mambo ya kunyunyizia mashamba maji. Mama yake bado huitwa Mama Injinia, naye huitikia.

Lakini somo alilipata. Binti yake wa pili yuko Gredi ya 9. Jumapili iliyopita nilimkuta mama huyo amekaa na binti mezani, nyanya zikiwa bado kwenye kreti mlangoni. Walikuwa na kalamu na karatasi iliyochorwa mistari mitatu. Binti alikuwa akiorodhesha kazi anazozipenda, na mama akimuuliza swali moja kila anapoandika: "Hiyo inataka masomo gani?"

Hakujua majibu yote. Ambayo hawakuyajua waliyaandika nyuma ya karatasi ili wakamuulize mwalimu Jumatatu. Mzazi unayesoma haya, kazi hiyo haihitaji shahada wala pesa. Inahitaji saa moja, kabla ya mtoto kurudisha fomu shuleni.