Tunapohisi Tumedanganywa na Muombaji

Bismillahir Rahmanir Rahim. Ndugu zetu katika imani, usiku huu tunalizungumzia jambo linalotukera wengi hapa Uingereza. Tunampa muombaji mlangoni mwa msikiti baada ya tarawehe, kisha tunasikia kwamba hana dhiki yoyote. Baadhi yetu tumeudhika hata tukawa na mkono wa birika.

Katika hadithi ya Abu Huraira, waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu alitoa sadaka usiku mara tatu. Ikaangukia kwa mwanamke mzinifu, kwa tajiri, na kwa mwizi. Watu wakamsema. Akabashiriwa kwamba huenda mzinifu na mwizi wakaacha maovu yao, na tajiri akazingatia, naye akatoa.

Hata hivyo, zaka ya faradhi ina mafungu manane ya wanaostahiki, yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Hiyo tuichunguze kabla ya kuitoa. Sadaka ya njiani tuitoe kwa kadiri yetu. Na tusipotoa, tusimkemee muombaji, kwani Surat Adh-Dhuha imekataza. Aombaye bila ya haja, dhambi ni yake. Tukizuia mikono kwa kuogopa kudanganywa, atakayeumia ni mwenye njaa ya kweli.

Wabillahi tawfiq.