Neno "Kwetu" katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

Siku ya kwanza ya shule mwalimu humwuliza mtoto, "Kwenu wapi?" Padre na mchungaji nao huuliza vivyo hivyo waandikapo jina katika kitabu cha ubatizo. Swali hili laonekana jepesi. Walakini katika wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, wako watu ambao swali hilo huwatia hofu, na wengine hulijibu kwa majina mawili. Twataka kueleza hapa maana ya ardhi na nyumba katika pande hizo, kwanza kwa maneno ya watu wenyewe, kisha kwa mambo yaliyowapata, ili sisi tunaofundisha na kuhubiri tujue ni jambo gani tunaloliuliza.

Tuanze na Kiswahili. Nyumba ni kitu cha miti na udongo, au cha matofali na bati. Hujengwa, huuzwa, huanguka. "Kwetu" ni mahali panapotajwa kwa watu wake. Ukiwaondoa watu hao, neno halina maana tena. Kwa sababu hiyo mtu aweza kusema, "Nina nyumba Mwanza, lakini kwetu ni Rulenge." Na mwanamke aliyeolewa husema "kwangu" kwa mahali anapopika, na "kwetu" kwa mahali alipozaliwa. Lugha za Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na katika lugha hizo mbili mambo ni hayo hayo. "Urugo" ni ua uzungukao nyumba, na tena ni jamaa wakaao ndani yake. "Umuryango" ni mlango wa kupitia, na tena ni ukoo. Wala tusistaajabu, maana Waswahili wa pwani nao husema "mlango" kwa maana ya tawi la ukoo. Basi nyumba hujulikana kwa hao waliotoka mlangoni mwake.

Neno lenye mafundisho zaidi ni "itongo". Kwa Kirundi, itongo ni ardhi ya mtu, kiwanja na shamba, urithi apewao na baba yake. Kwa Kinyarwanda, itongo ni mahame, yaani mahali palipokuwa na mji wa mtu, na sasa hapana mtu. Nchi hizo mbili zote zapakana na Ngara. Hivyo neno moja, likivuka mto, lageuka kutoka mali kuwa ukiwa. Kwa maoni yetu maana hizo hazipingani. Ardhi ya baba ni mali kwa aliyebaki, na ni mahame kwa aliyeondoka. Tena aliyeondoka huikumbuka kwa jina lile lile.

Washairi wa pwani walilijua jambo hili. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, majumba matupu ya Pate ndiyo yanayouonya moyo wa mshairi. Lakini Pate ilijengwa kwa mawe, na kuta zake zilibaki zikatazamwa. Nyumba za kale za Bugufi na Usubi zilikuwa za miti na nyasi. Zikiachwa, hazina ukuta wa kushuhudia. Shahidi ni migomba iliyosongwa na magugu, na makaburi, na ulimi wa mzee ajuaye nani alikaa wapi. Mzee huyo akifa bila kuulizwa, ushahidi wake umekwisha.

Sasa tutazame habari zenyewe. Bugufi ilihesabiwa zamani katika ufalme wa Urundi. Baada ya Wadachi kushindwa, Waingereza na Wabelgiji walipatana mwaka 1919 jinsi ya kugawana nchi, na Bugufi ikaangukia Tanganyika. Gisaka, iliyokuwa imekatwa vivyo hivyo, ilirudishwa Ruanda mwaka 1923, Bugufi haikurudishwa. Mwaka 1948 Mwami Mwambutsa alipeleka dai lake kwa Umoja wa Mataifa, lakini mpaka haukubadilishwa. Mtu wa Bugufi aliendelea kulima mlima ule ule, ilhali shangazi yake wa ng'ambo amekuwa mtu wa serikali nyingine.

Huko Biharamulo, nchi ya Wasubi na Wazinza, aliyewaondoa watu ni mbung'o. Kwa ajili ya ugonjwa wa malale serikali ya Waingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, iliwakusanya watu waliokaa mbalimbali katika makao mapya, wapate kufyeka pori na kutibiwa. Nia ilikuwa kuponya, na wengi waliponywa. Hata hivyo miji ya zamani iliachwa, na pori likaimeza. Mwaka 1959 sehemu ya wilaya ikawekwa kuwa Pori la Akiba la Biharamulo, na mwaka 2019 pori hilo pamoja na yale ya Burigi na Kimisi yakafanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha wananchi wengi wa Tanzania kutoka viwanja vyao.

Kisha ikaja siku ambayo dunia nzima ililisikia jina la Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu zaidi ya 200,000 walilivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, na kambi kubwa ikasimama Benaco. Wenyeji waliwapokea, nao wakapata hasara ya miti, maji na mashamba. Serikali iliwaamuru wakimbizi hao wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini miaka mingi, wakaoa na kuolewa humo. Hao walipoambiwa "Rudini kwenu," wengine walikuwa wakitolewa katika kwetu ya pekee waliyoijua.

Maandiko Matakatifu yatusaidia hapa. Nabothi alikataa kumwuzia mfalme Ahabu shamba lake, ingawa aliahidiwa lililo bora au fedha. Mfalme alihesabu thamani. Nabothi alihesabu baba zake. Wote wawili walisema juu ya mizabibu ile ile, wala hawakuelewana. Naye Ibrahimu, aliyekuwa mgeni kati ya Wahiti, alitaka kwanza kipande cha ardhi cha kumzika Sara, akalipa shekeli 400 kwa shamba la Makpela. Mgeni huanza kuwa mwenyeji hapo alipozika wafu wake.

Basi, ndugu walimu na watumishi wa Kanisa, twashauri mambo matatu. Kwanza, tusimwulize mtoto "Kwenu wapi?" mbele ya wenzake, na tumwulize faraghani alizaliwa wapi na jamaa zake wanakaa wapi, kisha tuandike yote mawili. Pili, tuwapo mazikoni tusiseme kwamba marehemu amelala ugenini, ikiwa watoto wake wanalima karibu na kaburi. Tatu, tuwasaidie waumini, hasa wajane, kuijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inayotoa hati ya hakimiliki ya kimila na kumpa mwanamke haki sawa na mwanamume. Na wazee wangali hai, tuwaandikishe wanafunzi majina ya miji iliyohamwa na ya watu waliokaa humo. Karatasi haitawarudishia itongo. Lakini itashuhudia kwamba pale palikuwa kwao.