Wimbledon Hailipi kwa Saa

Kila Julai, Wimbledon ikiingia wiki ya pili, swali huja lilelile. Naulizwa uwanjani ninapofundishia, naulizwa kwenye matatu, nimeshaulizwa hata msibani: "Kocha, hawa akina dada wanalipwaje sawa na wanaume na wao wanacheza hadi seti tatu tu, wanaume hadi tano?" Mwaka 2025 lilikuja kwa kelele zaidi, kwa sababu Iga Świątek alimfunga Amanda Anisimova 6-0, 6-0 kwa dakika 57 na kuondoka na pauni milioni 3. Mzazi mmoja alinipigia hesabu papo hapo: zaidi ya pauni 52,000 kwa dakika!

Hesabu ni sahihi. Swali ndilo bovu. Mchezaji wa Wimbledon si kibarua wa mjengo anayeandikiwa saa. Analipwa kwa raundi aliyofika. Mwaka huohuo aliyetolewa raundi ya kwanza alipata pauni 66,000, awe amepigwa harakaharaka au amepigana saa tano. Roger Federer alipommaliza Marin Čilić kwa seti tatu kavu katika fainali ya 2017, hakuna aliyedai arudishe fedha za seti mbili ambazo hazikuchezwa.

Na kama kweli fedha zinafuata seti, hebu nielezeni Roma. Katika mashindano ya Roma wanaume hucheza seti tatu na wanawake hucheza seti tatu, viwanja vilevile, wiki zilezile. Mwaka 2023 fungu la zawadi la wanawake halikufika hata nusu ya lile la wanaume. Sijawahi kuulizwa habari za Roma, msibani wala kwingineko.

Ukimbana muulizaji kidogo, hoja ya fedha inadondoka na imani yenyewe inatokeza: kwamba wanawake hucheza seti tatu kwa kuwa mwili wa mwanamke hauwezi tano. "Ni maumbile, kocha." Hapo ndipo ninapoishiwa subira. Maneno haya husemwa na watu wa Kenya, nchi ya Brigid Kosgei aliyemaliza kilomita 42 za Chicago kwa saa 2:14:04 mwaka 2019. Mwanamke huyo hakupewa kiti cha kupumzikia kila baada ya gemu mbili. Mcheza tenisi hupewa.

Zaidi ya hayo, seti tano kwa wanawake si jambo la kubahatisha. Zilishachezwa. Fainali za wanawake za ubingwa wa Marekani zilikuwa za seti tano kuanzia 1891 hadi 1901. Mwaka huo wa mwisho, Philadelphia, Elisabeth Moore alimtoa Marion Jones 4-6, 1-6, 9-7, 9-7, 6-3. Zisomeni tena namba hizo: yuko nyuma seti mbili, katika moja ya hizo amepata gemu moja tu, kisha anashinda seti mbili za gemu 16 kila moja, tena kwenye nyasi na amevaa sketi ndefu. Siku iliyofuata alirudi uwanjani kukabiliana na bingwa mtetezi aliyekuwa akimsubiri, Myrtle McAteer, akamfunga 6-4, 3-6, 7-5, 2-6, 6-2. Jumla ni gemu 105 kwa siku mbili.

Mwaka uliofuata chama cha tenisi cha Marekani kikazifuta seti tano za wanawake. Uamuzi ulikuwa wa wanaume. Moore mwenyewe, aliyetakiwa kuwa mfano wa kuchoka, alilalamika hadharani kwamba wachezaji hawakuulizwa. Hayo ndiyo "maumbile" yenu: kikao cha kamati.

Seti tano za wanawake zilirudi mwaka 1984, mwaka uleule mbio za marathoni za wanawake zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hadi 1998 fainali ya mashindano ya kufunga msimu wa wanawake, Madison Square Garden, New York, ilikuwa ya seti tano. Mwaka 1990 Monica Seles alimshinda Gabriela Sabatini 6-4, 5-7, 3-6, 6-4, 6-2, karibu saa nne. Seles alikuwa na miaka 16. Steffi Graf alicheza fainali mbili za aina hiyo mfululizo, 1995 na Anke Huber, 1996 na Martina Hingis, zote zikafika seti ya tano. Na mtu asiniambie kwamba seti tatu ni mchezo mfupi: Melbourne 2011 Francesca Schiavone na Svetlana Kuznetsova walikaa uwanjani saa 4 na dakika 44, seti ya mwisho ikaisha 16-14. Mwaka 2013 mkuu wa chama cha wachezaji wanawake, Stacey Allaster, alisema wazi kuwa wanawake wako tayari kwa seti tano. Waandaaji hawakuitika.

Sababu ya sasa ya kuwaacha wanawake kwenye seti tatu ni ratiba, na hiyo naikubali. Basi njia ziko hizi. Kwanza, seti tano kwa wanawake raundi zote: mechi 127 ndefu juu ya 127 za wanaume, ndani ya siku 14, na mvua ya London, haiwezekani bila kuongeza viwanja au siku. Pili, seti tano kuanzia robo fainali: ni mechi saba tu. Tatu, wanaume nao washuke seti tatu kama wanavyocheza karibu mwaka mzima kwingineko; wapenzi wa Alcaraz na Sinner, walioziona zile saa 5 na dakika 29 za fainali yao ya Paris 2025, watawachoma moto waandaaji. Nne, yabaki yalivyo, mradi mtu asiseme tena habari za maumbile. Mimi nachukua ya pili, na ningeanzia mashindano ya Marekani, New York: Wimbledon mechi hukatwa saa tano usiku ili majirani walale, lakini New York watu wameshacheza hadi saa nane na zaidi.