Kwa Nini Mbasa Hajazi Mtumbwi Kama Usipa



Likizo iliyopita nilikuwa nikisaidia kazi za kichungaji katika kigango kimoja kando ya Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay. Asubuhi moja baada ya Misa niliteremka ufukweni, nikamkuta mama mmoja akianika usipa juu ya chanja. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha bila kuacha kazi yake akaniuliza: "Frateri, ninyi mnaosoma sana hebu nielezeni. Usipa wanajaza mtumbwi usiku mmoja. Mbasa anakula usipa hawahawa, chakula anacho tele. Mbona yeye hajazi mtumbwi?"

Nilijibu haraka kwamba ni uvuvi uliopita kiasi. Mama akatikisa kichwa. "Hiyo ni kweli, lakini hata zamani, mbasa walipokuwa wengi, hawakuwafikia usipa." Nikanyamaza. Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, nimezoea kusikia kwamba kujua kitu ni kujua sababu yake, na hapo sababu sikuwa nayo. Niliporudi seminarini nilikwenda maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie mbali kidogo na maji, katika shamba la mahindi kule Mbinga. Jani la muhindi linapokea mwanga wa jua, linavuta hewa ya ukaa, mizizi inaleta maji, na ndani ya jani vitu hivyo vinaunganishwa kuwa sukari. Ndiyo kazi tuliyoisoma shule ya msingi kwa jina la usanisinuru. Nguvu ya jua inabaki imefungwa ndani ya sukari ile, na kila kiumbe kinachokula, kuanzia funza hadi Askofu, kinaishi kwa kuifungua tena. Ziwani kazi hiyo inafanywa na mwani, mingi yake midogo kiasi kwamba huwezi kuiona kwa macho. Mwani unaliwa na wadudu wadogo sana wanaoelea majini. Wadudu hao wanaliwa na usipa, usipa wanaliwa na mbasa.

Sasa angalia kinachotokea katika kila hatua. Usipa hageuzi chakula chote kuwa nyama ya mwili wake. Anaogelea, anakimbia adui, anataga mayai, na sehemu kubwa ya nguvu aliyokula inatoka mwilini kama joto na kupotea. Nyingine inatoka kama mavi. Wataalamu hukadiria kwamba, kwa wastani, kinachovuka kutoka ngazi moja kwenda inayofuata ni kama sehemu moja ya kumi; pengine hupungua, pengine huzidi. Basi tufanye hesabu ya kigangoni: kilo 1,000 za mwani zinalisha kilo 100 za wadudu wa majini, hao wanalisha kilo 10 za usipa, na hizo kilo 10 zinatoa kilo moja ya mbasa. Jibu la mama lilikuwa hapo. Mbasa ana chakula, ila amekaa ngazi ya mbali, na kila ngazi imetoza ushuru wake kabla ya kumfikia. Kwa hiyo hata ziwa ambalo halijawahi kuona wavu lisingekuwa na mbasa wengi kama usipa.

Nguvu hiyo ikishapotea kama joto hairudi. Kila siku jua linapaswa kuleta nyingine. Lakini mbolea, yaani naitrojeni, fosforasi na chumvichumvi nyingine, ni jambo tofauti kabisa: hizo zinazunguka. Kiumbe kinakufa, bakteria na kuvu wanakiozesha, mbolea inarudi kwa mimea. Nilikuwa nikichanganya mambo haya mawili, na nadhani si mimi peke yangu.

Katika Ziwa Nyasa mzunguko huo una shida ya pekee. Ziwa lina kina cha takribani mita 700 penye kina kirefu zaidi, na chini ya mita kama 250 maji hayana oksijeni, kwa sababu maji ya juu yenye joto hayachanganyiki na yale ya chini yaliyo baridi na mazito. Mizoga na uchafu huzama huko na kuoza, mbolea yake ikabaki chini kama akiba iliyofungiwa ghalani. Samaki hawawezi kuishi huko, na mwani hauwezi kukua gizani. Kinachosaidia kupandisha sehemu ya akiba hiyo ni upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wengi kandokando ya ziwa huuita mwera, unaovuma kwa nguvu kuanzia mwezi Mei hadi Agosti. Upepo uleule unaowazuia wavuvi kutoka ndio unaosukuma maji ya juu na kuruhusu maji yenye mbolea kupanda, na mwani ukastawi.

Yuko pia mdudu mmoja anayenishangaza kuliko wote. Ni aina ya nzi mdogo ambaye akiwa buu huishi majini. Mchana hushuka kwenye maji ya kina, penye oksijeni kidogo, ambako samaki wengi hawamfuati. Usiku hupanda kula wadudu wadogo. Wakikomaa hutoka ziwani kwa mamilioni, hasa siku za mwezi mwandamo, ukaona kama moshi mweusi umesimama juu ya maji. Ndege na mbayuwayu hula karamu. Baadhi ya watu wa mwambao nao huwakusanya, huwaponda na kuwakausha kuwa mikate, na hivyo chakula kilichokuwa kwenye kina kirefu kinafika mezani nchi kavu.

Lakini je, kama chakula ni haba hivi, viumbe wengi namna hii wanaishije pamoja? Mwaka 1934 mtaalamu Mrusi, G. F. Gause, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa viumbe vidogo vya majini. Aliweka aina mbili katika chombo kimoja, chakula kimoja. Baada ya muda aina moja ilitoweka. Wawili wanaotaka kitu kilekile, mahali palepale, kwa namna ileile, hawakai pamoja daima. Na ziwa letu lina mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani.

Siri ni kwamba wamegawana. Chukua mbuna, wale samaki wadogo wa rangi za kupendeza wanaokaa penye miamba, kama ile iliyoko Liuli na Mbamba Bay. Wako wenye mdomo ulioelekea chini, wanaokwangua mwani bila kujiinua kutoka kwenye jiwe. Wengine wana meno kama brashi, wanachana mwani laini. Baadhi ya madume hulinda kipande chao cha mwamba kwa ukali, hadi mwani pale unakuwa mrefu kuliko penginepo, kama bustani. Wengine hula magamba na mapezi ya wenzao (nao ni uhai, tusiwahukumu). Kwenye mchanga wapo wanaochota mchanga mdomoni na kuchuja wadudu. Na yupo mmoja anayelala ubavu chini kama mfu, mpaka samaki wadogo waje kuonja mzoga, ndipo anapowarukia. Hata hivyo, chakula kikiwa kingi, wengi wao huacha utaalamu wao na kula kitu kimoja. Mgawanyo unadhihirika zaidi siku za njaa.

Yupo pia samaki wa mchangani mwenye meno mapana kooni ya kuvunjia konokono. Upande wa Malawi, Cape Maclear, watafiti waliona kwamba samaki hao walipovuliwa mno karibu na ufuko, konokono wanaobeba kichocho waliongezeka, na watoto wanaooga na kuteka maji wakaugua zaidi. Nyavu za vyandarua zinazokokotwa kwenye maji mafupi huzoa samaki wa namna hiyo pamoja na vifaranga vyao. Kwa hiyo swali la nani anakula nini linaweza kuishia zahanati.

Mwisho nirudi mlimani, kwa sababu wasomaji wengi wa Mbinga watasema mambo ya ziwa ni ya watu wa Nyasa. Wamatengo wana ngoro. Nyasi hukatwa na kupangwa kwa miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kufukiwa juu yake, likabaki shimo linalokamata mvua. Nyasi zinaoza chini ya matuta na kulisha maharage, kisha mahindi. Kwenye mizizi ya maharage kuna vinundu vyenye bakteria: maharage huwapa sukari, wao huyapa naitrojeni ya hewani. Baada ya kama miaka miwili ngoro hutengenezwa upya, na palipokuwa shimo panakuwa tuta.

Sehemu ya maji ya milima hii huteremkia ziwani. Mbasa hataagi ziwani: hupanda mitoni, Ruhuhu ukiwa mmojawapo, na kutaga kwenye changarawe safi yenye maji yanayotiririka. Mlima ukilimwa bila ngoro wala nyasi za kuzuia, udongo huteremka, ukaziba changarawe hiyo, na unaofika ziwani hutulia juu ya miamba na kuuzibia mwani mwanga. Nilikaa siku moja kwenye mlango wa mto, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Maji ya kahawia yalikuwa yamekwenda mbali ndani ya maji ya buluu, na mpaka kati yao ulionekana wazi kama mstari. Mzee aliyekuwa anashona wavu wake aliniambia kwamba ule ni udongo wa mashamba ya juu, akataja na kilima kimoja kwa jina.